Dakika za Mlangoni

Asmara, 16 Septemba 1996

Shangazi yangu Letebrhan,

Nakuamkia kwa heshima. Baba naye anakuamkia, na alitaka niandike kwamba goti lake limepona, lakini nimekataa kuandika uongo kwenye karatasi yangu. Bado limevimba na bado anapanda ngazi akilalamikia ngazi. Mama amekusagia pilipili na kumkabidhi dereva wa basi la asubuhi, yule mwenye jino la dhahabu, kwa hiyo ukiletewa pungufu utajua wa kumuuliza. Mwaka wetu mpya wa Septemba tuliupokea salama. Watoto wa jirani walikuja na mienge yao wakaimba mlangoni, wakaunguza pembe ya mkeka. Kiwandani bado nashona kola. Msimamizi wetu mpya hapigi kelele. Anasimama nyuma yako na kukohoa mpaka uharakishe.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Jumapili ya tarehe 8 nilishindana mbio za baiskeli.

Najua umeiweka barua chini. Iokote tena.

Zilikuwa mbio ndogo za wanawake, kabla ya zile za wanaume, kuzunguka barabara kuu yenye mitende. Nilichukua baiskeli nyeusi ya baba. Niling'oa kibebeo na mabati ya matope, nikadhani sasa imekuwa ya mashindano. Asubuhi nilikula injera sahani nzima na mchuzi mzito wa shiro juu yake, kwa kuwa nilidhani nguvu ni kushiba. Mzunguko wa pili shiro ikawa inaomba ruhusa ya kutoka. Kila kona nilishika breki. Kuna msichana anaitwa Mosana, anaoka mikate karibu na soko, ana mapaja kama nguzo. Alinipita kulia, akageuza shingo na kuniambia, "Dada, unapeleka mayai sokoni?" Mwingine nyuma yake akasema, "Mwache bwana, kengele yake nzuri." Kengele nilikuwa nimesahau kuing'oa.

Nilimaliza wa pili kutoka mwisho. Wa mwisho alikuwa ameanguka.

Kocha wa wasichana anaitwa Negassi. Aliitazama baiskeli, akanitazama mimi, akasema, "Baiskeli mbaya, kona mbaya, chakula kibaya. Njoo Jumanne." Nilikwenda. Nimekwenda Jumanne zote tangu hapo, ingawa mpaka leo imekuwa moja tu.

Mwezi wa kumi na moja kuna mbio za kutoka hapa, kupitia Dekemhare, hadi Segeneiti. Zinapita mbele ya nyumba yako kabisa. Utakuwepo mlangoni?

Mtoto wako,
Kisanet


Dekemhare, 21 Oktoba 1996

Mwanangu Kisanet,

Amani iwe nanyi hapo nyumbani. Barua yako ilifika mapema, aliyechelewa ni mimi. Pilipili pia ilifika, haikupungua, mwenye jino la dhahabu ni mwaminifu. Mwambie mama yako ni kali kuliko ya mwaka jana na nimeipenda. Mwambie baba yako apake mafuta ya siagi yaliyopashwa moto kwenye goti, na aache kujifanya kijana. Mimi ni mzima. Kuku wamebaki saba, mwewe amemchukua yule mwekundu uliyekuwa ukimpenda. Shayiri imekuwa nzuri mwaka huu. Jirani yangu Dehab anaendelea kuishi kama redio; ukimfungulia mlango asubuhi unazima jioni. Anasema nyumba yangu, kwa vile dirisha la mbele nimelifunga, inafanana na duka ambalo mwenyewe kahama. Nimemwambia asije kununua kitu, basi.

Umeandika kurasa mbili za baiskeli bila kuandika jina la Filmon. Nimeona. Alikuwa mwanangu lakini alikuwa kaka yako pia, mlikula sahani moja miaka mitatu uliyokaa kwangu ukisoma. Huna haja ya kulizunguka jina lake kama shimo la barabarani. Ugonjwa wa ini ulimchukua, si baiskeli. Sina ugomvi na baiskeli.

Ukitaka kujua, baiskeli yake niliitoa baada ya arobaini. Aliichukua mtoto wa kwanza wa Dehab. Sasa inabeba magunia ya ngano kinuni. Inafanya kazi, na mimi sikosi usingizi.

Kwa kuwa umeanza, nakupa ninayoyajua. Niliyapata kwenye beseni la kufulia, sikuyapata barabarani. Kaptura isiwe na mshono mahali unapokalia. Wewe ni fundi, ukate kipande kimoja cha ngozi laini ushone ndani. Usiku wa kuamkia mbio kula sana, asubuhi kula kidogo. Mfukoni weka mkate wenye asali, uukate vipande vidogo nyumbani, maana huko hutakuwa na mikono. Maji yanywe kabla hujasikia kiu. Ukirudi usikae na nguo mbichi ukipiga soga. Filmon alikaa, akakohoa mwezi mzima.

Mbio zilipokuwa zikipita hapa, wenzake walikuwa wakimruhusu atangulie kuja kunisalimu. Ndiyo desturi yao, mtu akipita kwao anaomba, na kundi linamwachia. Nilikuwa nikimsikia kabla sijamwona. Baiskeli moja ina sauti yake, si kama nyingi. Nampa maji kwenye kikombe cha bati cha buluu. Kisha mbio zinaendelea.

Siku hiyo ya Novemba nitakuwa na kazi nyuma ya nyumba. Ni wakati wa kupepeta shayiri.

Shangazi yako,
Letebrhan


Asmara, 9 Novemba 1996

Shangazi,

Salamu zangu, na za wote. Goti la baba limepakwa siagi na sasa paka hamwachi. Mama anasema ukiwa na nafasi utume shayiri ya kukaanga. Mimi nina kovu jipya kwenye kiwiko, dogo, usiulize.

Kaptura nimeishona kama ulivyosema. Wenzangu waliigeuza nje ndani, wakaitazama, na sasa nina oda nne. Mosana naye kaagiza. Aliposikia ushauri umetoka kwako alisema, "Kumbe unaye mtu. Mbona unaendesha kama yatima?"

Klabu imeniazima baiskeli nyepesi. Ina gia kumi na kiti chembamba kama kisu. Kazi ngumu ambayo nilikuwa siijui ni kukaa nyuma ya mwenzako. Gurudumu lako linakaribia lake mpaka ungeweza kupitisha kiganja tu katikati, na yeye anakukingia upepo. Ukiogopa ukaacha nafasi, upepo unakuingia wewe na unachoka peke yako. Ukijasiri sana, unaligusa, unaanguka. Kocha Negassi anatupigia kelele kutoka kwenye pikipiki: "Msitazame gurudumu! Tazama mgongo wake! Gurudumu halina akili, mgongo una akili!" Nilitazama gurudumu. Hapo ndipo kiwiko kilipopatikana.

Baba hapendi. Juzi alisema, "Mwanamke wa miaka ishirini na tatu, anamkimbiza nani?" Mama akamjibu, "Na wewe wa miaka sitini, unamlalamikia nani?" Wakanywa chai wote wawili.

Nimeisoma vizuri barua yako. Tarehe 24 tukifika Dekemhare nitaomba ruhusa nitangulie. Sikuzaliwa hapo, lakini nimelala hapo miaka mitatu, na Mosana anasema inatosha. Najua una kazi nyuma ya nyumba. Shayiri inaweza kupepetwa mbele pia, kuna upepo zaidi.

Kisanet


Asmara, 3 Desemba 1996

Shangazi,

Nakuamkia. Hapa wote ni wazima. Shayiri haikufika, na hatukuidai.

Nimengoja barua yako wiki moja. Haikuja, kwa hiyo naandika mimi.

Tulianza kumi na tisa. Baridi ilikuwa kali mpaka vidole havikusikia breki. Kufika karibu na Dekemhare tulikuwa bado pamoja, kasoro wawili. Nilisogea mbele nikamwambia Mosana, "Naomba, nyumba ya shangazi yangu iko hapo." Akawauliza wengine kwa sauti, "Jamani, huyu ana shangazi hapa. Tumwachie?" Wakajibu, "Aende, aende, na atuletee mkate wa himbasha!" Wakapunguza mwendo. Mimi nikaondoka.

Mji ulikuwa umejaa watu pande zote mbili. Mbele ya nyumba yako nilipunguza mwendo mpaka nikakaribia kusimama. Dirisha lilikuwa limefungwa. Mlango ulikuwa umefungwa. Dehab alikuwa kwake akipunga kitambaa. Niliita, "Shangazi!" Niliita mara moja. Watu walikuwa wakinitazama, na mimi nikaona aibu kusimama mbele ya mlango uliofungwa kama mtu anayedai. Kwa hiyo nikaendelea.

Nilidhani ruhusa nimeshaimaliza, nimepewa ya kutangulia nami nimetangulia. Nikapanda mlima wa Segeneiti peke yangu. Sikutazama nyuma. Kusema kweli sikuwa nafikiri mbio, nilikuwa nafikiri mengine, na miguu ikafanya inavyotaka. Nilipofika pale kwenye mikuyu nikaona utepe, nikaupita.

Nilikuwa wa kwanza. Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa watoto, ambao hupiga makofi hata punda akipita.

Wenzangu walifika wamekunja uso. Mosana alishuka, akailaza baiskeli yake chini taratibu, akaja mpaka hapa karibu. Alisema, "Sisi tumetambaa mjini kama msafara wa mazishi, tunakungoja utoke kwa shangazi yako. Tumefika kwake, mlango umefungwa, na wewe uko mlimani. Umetuibia kwa mlango wa shangazi yako."

Nikasema sikujua.

"Hukujua nini? Mtoto wa miaka mitano anajua. Anayeachiwa atangulie anasimama. Anasalimu, anakaa hapo hapo mpaka kundi limfikie, anaondoka na kundi. Ndiyo maana wanamwachia!"

Kocha Negassi aliniuliza, "Hukuambiwa?" Nikamjibu, "Niliambiwa nusu." Hakuuliza na nani.

Zawadi ilikuwa sufuria kubwa lenye mfuniko. Nilimpelekea Mosana. Akasema, "Mimi naoka, sichemshi." Liko chini ya kitanda changu.

Mazoezini bado naenda. Nikikaa nyuma ya mtu, anasogea pembeni, upepo unanipiga. Nikihamia nyuma ya mwingine, naye anasogea. Hakuna anayenitukana. Oda za kaptura zimefutwa zote, bila neno.

Sikulaumu. Nimeandika tu yaliyotokea.

Kisanet


Dekemhare, 12 Januari 1997

Mwanangu,

Nawatakia heri ya Krismasi iliyopita, nimechelewa nayo. Nilichinja kuku mmoja, nikala na Dehab, aliyeongea mpaka kuku akapoa. Kuku sasa ni sita. Natuma shayiri ya kukaanga kwa mwenye jino la dhahabu, mifuko miwili, mmoja wa mama yako, mmoja nitakuambia.

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Naijibu kwa utaratibu, univumilie.

Siku ile sikuwa nyuma ya nyumba. Shayiri nilikuwa nimeshaipepeta siku mbili kabla. Nilikuwa nyuma ya mlango, na maji nilikuwa nimeyamimina kwenye kikombe cha buluu. Nilisikia baiskeli moja. Niliweka mkono kwenye komeo. Nilisikia ukipunguza mwendo, na ulivyoita nilikusikia. Komeo halikuwa gumu. Mkono ndio haukugeuka. Sijui kukuelezea zaidi ya hapo. Kisha sauti ikapanda juu kuelekea mlimani, na mimi nikajua umekosea, nikiwa nimesimama pale pale. Nilijua kabla ya wenzako.

Ulisema uliambiwa nusu. Ni kweli. Nusu nyingine nilikuwa nayo, sikuiandika. Niliandika, "Kisha mbio zinaendelea." Hapo katikati niliruka.

Filmon alikuwa akifika anashuka kabisa. Anaegemeza baiskeli ukutani, pale rangi ilipochubuka. Anakunywa maji, anaomba mengine. Ananiinamia nimpanguse vumbi usoni kwa ncha ya shuka langu, na uso wake unakuwa na alama nyeupe mbili pale nilipopitisha. Ananiuliza kama kuku wametaga. Mbio nzima, na anauliza kuku. Namwambia, "Nenda, wenzako watakuacha," naye ananijibu, "Mama, siondoki mpaka waje, ndivyo ilivyo." Nilikuwa namfukuza kila mara ili anijibu hivyo. Kisha kundi linafika na kelele zao, "Salaam, mama Filmon! Mtoto wako mvivu huyu!" Naye anarukia katikati yao, simwoni tena.

Ni dakika chache. Watu wa baiskeli wanaziona ni desturi yao, lakini mimi nilikuwa nikiziona ni zangu. Nikikuandikia nilidhani zitapungua. Kumbe kwa kuzificha nimekufanya wewe uitwe mwizi.

Mfuko wa pili wa shayiri umpelekee huyo Mosana. Usiseme maneno mengi. Mwambie, shangazi anasema mlango ulikuwa wake na kosa ni lake. Kama hapendi shayiri, kuku wapo sita.

Sufuria lipikieni. Sufuria halina dhambi.

Letebrhan


Asmara, 6 Februari 1997

Shangazi yangu,

Hatujambo. Mama anakushukuru, baba ameila shayiri yote akisingizia panya. Msimamizi wetu ameacha kukohoa, tumegundua alikuwa mgonjwa kweli, maskini. Mama amelitoa sufuria chini ya kitanda. Supu yake ni ya kawaida.

Nilimpelekea Mosana mfuko wake kule anakooka mikate. Ilikuwa alasiri, ana unga mpaka kwenye nyusi. Nilisema maneno yako kama ulivyoyapanga. Akafungua mfuko, akatafuna punje, akatafuna tena.

"Kwa hiyo alikuwa ndani?"

"Alikuwa nyuma ya mlango."

"Na alikusikia ukiita?"

"Alinisikia. Mlango huo alikuwa akimfungulia marehemu mwanawe, Filmon."

Akatafuna. "Huyo mwanawe ni yule Filmon mwenye soksi ndefu? Aliyekuwa akiimba mlimani ili kuwaudhi wengine?"

Nikasema ndiye. Sikujua kwamba aliimba. Wewe ulijua?

Mosana akasema, "Kaka yangu alishindana naye. Alikuwa akija nyumbani analalamika, yule mtu anaimba, na anaimba vibaya." Akafunga mfuko, akauweka kwenye rafu juu ya chumvi. "Shayiri nzuri. Lakini tusidanganyane, Kisanet. Shangazi yako ana sababu yake, wewe kosa lako hukuuliza. Ungeuliza mtu yeyote ungeambiwa. Mwezi wa tatu tunapita tena barabara ile ile. Usiombe kutangulia. Hata ukiomba, hutaachiwa, si na mimi wala na mwingine. Utapita katikati yetu kama gunia."

Nikasema sawa.

"Na uachane na breki kwenye kona. Hilo nalo linatuudhi."

Siku iliyofuata mazoezini nilikaa nyuma yake. Hakusogea. Nilitazama mgongo wake kilomita ishirini, nami nikajua kwamba ana kiraka cha kijani kwenye bega la kushoto.

Kwa hiyo nakuandikia ujue. Tarehe 16 Machi tutapita hapo kabla ya saa nne. Sitatangulia. Nitakuwa katikati, na tunapita haraka, huenda hata usinione. Sikuombi ufungue. Kama kuna kazi nyuma ya nyumba, ifanye.

Mtoto wako,
Kisanet


Asmara, 18 Machi 1997

Shangazi,

Nakuandikia kabla ya kukuuliza hali, unisamehe. Sote ni wazima. Goti ni lile lile.

Nitakuambia nilichokiona mimi, nawe uniambie ulichokiona wewe, kwa sababu hapa kuna mtu amekataa kuniambia.

Tulipouona mji, mimi nilikuwa wa nane au wa tisa, nimebanwa pande zote. Nikamsikia Mosana mbele akisema, "Naomba kutangulia." Mmoja akacheka, "Wewe wa Asmara, una nani Dekemhare?" Akajibu, "Nina shughuli." Wakamwachia. Akaondoka. Sisi tukapunguza.

Nilidhani ananiadhibu. Nilidhani anataka kunionyesha jinsi inavyofanywa, mbele ya mlango ule ule, ili iniume. Sikuwa na pa kwenda. Kulia mtu, kushoto mtu.

Tulipokata kona ya kanisa nikaona dirisha la mbele liko wazi. Kwanza sikulijua, nikadhani nimekosea nyumba. Kisha nikaona baiskeli ya Mosana imeegemezwa ukutani. Mosana alikuwa amesimama mlangoni, ameinama. Wewe ulikuwa umevaa shuka jeupe, Shangazi, si lile jeusi la msiba, na ulikuwa ukimpangusa uso.

Wenzangu walipiga kelele. Mosana akarukia kwenye kundi, tukaondoka. Aliponipita kurudi mbele alikuwa na alama nyeupe mbili kwenye vumbi la mashavu yake.

Nilimaliza wa kumi na moja. Kona zote bila breki, isipokuwa moja. Kocha Negassi amesema, "Sasa umeanza." Nilikuwa nimedhani nilianza Septemba.

Nimemuuliza Mosana mlizungumza nini. Anasema, "Mambo ya watu wazima." Amenizidi mwaka mmoja tu! Uniambie wewe.

Kisanet


Dekemhare, 2 Aprili 1997

Mwanangu Kisanet,

Salaam kwa baba yako na goti lake, kwa mama yako na sufuria lake. Mimi ni mzima. Kuku mmoja amelalia mayai, tukijaliwa watarudi kuwa saba na zaidi. Dehab amekasirika kwamba nilifungua dirisha bila kumwambia kwanza, maana alitaka kuwa mtu wa kwanza kutangaza. Hata hivyo ametangaza.

Kwamba Filmon aliimba mlimani, sikujua. Nimelifikiria sana. Hapa nyumbani hakuwahi kuimba hata siku moja. Mwambie Mosana amuulize kaka yake ulikuwa wimbo gani. Kama hakumbuki, si kitu.

Sasa ulichoniuliza. Nilifungua mlango mapema, wakati Dehab bado analisha mbuzi, kwa sababu nilijua nikingoja mkono utakataa tena. Nililitoa shuka jeupe sandukuni, lilinuka dawa ya nondo. Nikakaa kwenye kigoda. Nilijua hutatangulia, ulishaniandikia. Nilikuwa nimejiandaa kuona kundi likipita tu. Kisha nikasikia baiskeli moja.

Sitakuficha, nilisimama vibaya nikamwaga maji.

Akaja msichana simjui, mwenye unga kwenye sikio hata siku ya mbio. Akashuka. Akaegemeza baiskeli pale pale rangi ilipochubuka, kana kwamba alionyeshwa. Nami nikamuuliza, "Wewe ni nani?" Akasema, "Mimi ni yule wa shayiri, mama. Nimekuja kuona kama mlango huu una mtu."

Nikamwambia, "Unaye."

Akasema, "Basi naomba maji."

Nikampa yaliyobaki kwenye kikombe, akaomba mengine. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, nikamwambia inama. Nikampangusa kwa ncha ya shuka. Halafu nikajisikia namwambia, "Nenda, mwanangu, wenzako watakuacha." Sikupanga kusema hivyo. Yalitoka yenyewe. Naye akajibu, "Siondoki mpaka waje, mama. Ndivyo ilivyo."

Hukumsomea barua yangu, nadhani. Kama ulimsomea, usiniambie.

Tukawasikia mnakata kona ya kanisa. Akauliza, "Una mtoto kwenye mbio hizi?" Nikamjibu, "Ninaye. Yumo humo katikati, mtazame asianguke." Akasema, "Huyo? Haanguki tena," akarukia baiskeli.

Nilikuona vizuri. Umekonda. Kaptura imekukaa.

Kahawa siku hiyo nilipika na Dehab, tukanywa vikombe vyote vitatu vya desturi, mpaka kile cha baraka. Tangu Filmon aondoke nilikuwa naishia cha kwanza. Kikombe cha tatu ni chepesi sana, nilikuwa nimesahau.

Dirisha la mbele bado liko wazi. Vumbi la barabara linaingia mpaka kwenye unga. Pasaka mkifunga kiwanda uje unisaidie kufagia, na huyo mwenzako kama ana nafasi. Njooni kwa baiskeli. Nitawasikia.

Shangazi yako,
Letebrhan